Amepata 94: Maswali ya Wazazi Kuhusu Vipimo vya Akili

Barua nyingi zilizotufikia katika kipindi hiki cha maombi ya skuli zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali, nalo ni vipimo vya akili ambavyo baadhi ya skuli binafsi huwafanyisha watoto wa miaka 4, 5 au 6 kabla ya kuwapa nafasi. Kwa sababu hiyo safu ya mara hii tumeiweka yote kwa ajili ya suala hilo. Barua zimefupishwa na majina ya waandishi yamehifadhiwa.

Je, mtoto wangu ni mzito?

Assalamu alaykum. Binti yangu ana miaka 5 na miezi 3. Tulimpeleka kufanyiwa usaili katika skuli moja binafsi inayosomesha kwa Kiingereza. Aliingizwa chumbani peke yake na mwalimu asiyemjua, akapewa vibao vya kupanga, picha za kuchagua na maswali ya maneno. Baada ya wiki tuliletewa karatasi iliyoandikwa 94, pamoja na maelezo kwamba uwezo wake wa akili uko chini ya wastani na kwamba nafasi hakuipata. Nyumbani mtoto huyu anazungumza sana, na hadithi za bibi yake anazisimulia neno kwa neno. Tangu siku ile baba yake humwangalia kwa jicho jengine, na mimi usingizi umenipaa. Naomba unieleze ukweli. — Mama, Mbweni

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Mtoto wako si mzito, na karatasi mliyopewa haisemi kwamba ni mzito, hata ikiwa aliyeiandika alidhani ndivyo inavyosema.

Vipimo vinavyojulikana zaidi kwa watoto ni vile vilivyoasisiwa na David Wechsler wa Marekani, ambaye alitoa kipimo cha watoto wa umri wa skuli mwaka 1949 na kile cha watoto wadogo zaidi mwaka 1967. Vimepangwa kwa namna ambayo mtoto hulinganishwa na wenzake wa umri wake tu. Wastani wao huwekwa kuwa 100, na kiasi cha watoto 68 katika kila 100 hupata alama baina ya 85 na 115. Kwa mpango huo, ukiwasimamisha watoto 100 wa umri wa binti yako katika mstari mmoja, kiasi cha 34 watakuwa nyuma yake. Alama za kuanzia 90 hadi 109 huitwa za wastani katika mwongozo wa kipimo chenyewe. Mtu anayeandika "chini ya wastani" kwa sababu tu 94 ni ndogo kuliko 100 ameisoma namba bila ya kusoma maelezo yanayofuatana nayo, na mzazi anayepelekewa maneno hayo bila ya ufafanuzi hakutendewa haki.

Kuna jambo la pili, ambalo wataalamu wa vipimo wanalijua vyema lakini aghalabu haliwafikii wazazi. Hakuna kipimo cha akili kinachotoa namba moja isiyotikisika. Mtoto huyohuyo akipimwa siku nyengine na mtu mwengine hupata alama tofauti kidogo, na ndiyo maana ripoti iliyoandikwa vizuri hutaja masafa: kwa alama ya jumla ya 94, itasema kwamba uwezo wa mtoto unakisiwa kuwa baina ya 88 na 100 hivi. Skuli inayomkataa mtoto wa 94 na kumpokea wa 98 inawatenganisha watoto ambao chombo chake chenyewe hakiwezi kuwatenganisha.

Hayo ninayasema kwa kuchukulia kwamba kilichotumika ni kipimo halisi na kwamba kilifanywa inavyopasa, na hapa ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Maswali ya maneno binti yako aliulizwa kwa lugha gani? Ikiwa ni kwa Kiingereza, ilhali nyumbani mnazungumza Kiswahili, basi sehemu kubwa ya ile 94 ni kipimo cha Kiingereza chake. Mtoto anayeulizwa kwa lugha ya kigeni chungwa na embe vinafanana kwa lipi, na ambaye hajapata kulisikia hilo neno la kufanana, hunyamaza, na ukimya wake huandikwa sifuri. Hata kama mwalimu aliyatafsiri maswali papo hapo kwa nia njema, jedwali za kulinganishia zilitengenezwa kutokana na watoto wa nchi nyengine waliojibu kwa lugha yao ya nyumbani, na hazikutengenezwa kutokana na watoto wa Mbweni waliojibu kwa tafsiri.

Kwa hivyo nendeni kwa mkuu wa skuli, kwa upole lakini bila ya kusita, mkaulize ni kipimo gani kilichotumika na toleo lake ni la mwaka gani, nani aliyekifanya na alisomea wapi kazi hiyo, na alama za kila sehemu ni zipi. Hilo la mwisho lina uzito zaidi kuliko mnavyodhani, kwani mtoto anaweza kupata 108 katika kupanga vibao na 82 katika maswali ya maneno, na ile namba moja ya jumla ikazifunika zote mbili. Mwenye matokeo ya namna hiyo anahitaji mtu wa kumsomea na kuzungumza naye kwa lugha ya skuli, na jambo hilo haliwezi kuonekana katika namba ya jumla.

Ukubwa wa umri nao unahusika. Nancy Bayley, aliyewafuatilia watoto wa Berkeley, California, tangu uchanga wao katika utafiti ulioanza mwaka 1928, alionesha kwamba alama za miaka ya mwanzo kabisa ya maisha hazibashiri karibu chochote juu ya alama za baadaye, na kwamba huanza kutulia kadiri mtoto anavyoingia katika umri wa skuli. Katika miaka 5 kutulia huko bado hakujatimia. Katika umri huo mtoto anaweza kuwa mbele ya mwenzake kwa miezi kadhaa, kisha akafikiwa au akapitwa, pasi na yeyote kati yao kuwa na kasoro.

Linalonihuzunisha zaidi ni kwamba chombo hiki hakikutengenezwa kwa kazi iliyomfika binti yako. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuwaangalia watoto waliokuwa wakishindwa kufuata masomo ya kawaida, na mwaka 1905 Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa mfululizo wa kazi ndogo 30, zilizopangwa kutoka nyepesi hadi ngumu, ili mtoto anayehitaji msaada atambuliwe na asaidiwe. Binet alipinga kwa nguvu fikra kwamba akili ni kiasi kilichokwisha kuwekwa ambacho hakiongezeki, na alibuni mazoezi ya kukuza umakini na kumbukumbu kwa watoto hao. Baada ya kufariki kwake mwaka 1911, wengine ndio walioyageuza majibu yake kuwa namba: Mjerumani William Stern alipendekeza mwaka 1912 kuugawa umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa, na Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akaizidisha hesabu hiyo kwa 100 katika kipimo chake cha mwaka 1916, ambacho ndicho kilichoieneza duniani namba hiyo ya akili iitwayo IQ.

Mpe baba yake aisome safu hii. Jicho hilo jengine analoangaliwa nalo binti yenu linanitia hofu kuliko ile 94, kwa sababu mtoto wa miaka 5 hulihisi hata kama hakuambiwa neno, na akianza kuamini kwamba yeye hawezi ataacha kujaribu. Mtafutieni skuli nyengine, ya serikali au ya binafsi, yenye mwalimu anayewasikiliza watoto. Hadithi za bibi yake ziendelee kila usiku.

Anajua juzuu amma lakini maumbo yamemshinda

Assalamu alaykum mwalimu. Mjukuu wangu ana miaka 6. Amehifadhi juzuu amma yote, nikimtuma dukani hurejesha chenji bila ya kupungua hata shilingi mia, na shangazi yake amemfundisha kusuka ukili wenye mistari ya rangi mbili. Alipopelekwa kwenye usaili alitakiwa kuigiza maumbo kwa penseli, akashindwa, wakasema akili yake haijakomaa. Mimi sikusoma sana, lakini hili haliniingii akilini. — Babu, Wete

Wa alaykumu salaam, na shikamoo babu. Wapo watafiti waliojiuliza swali lako na kwenda kulitafutia jibu.

Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi nchini Zambia, alichapisha mwaka 1979 utafiti aliowalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza. Aliwataka waigize maumbo kwa njia mbalimbali. Kwa penseli na karatasi watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huutumia kutengenezea vigari vyao vya kuchezea, watoto wa Zambia ndio walioshinda. Kwa udongo, ambao wote wameuzoea, walikuwa sawasawa. Lau mtafiti angeishia kwenye penseli, angerudi na habari kwamba watoto wa Zambia hawayaoni maumbo vizuri, na habari hiyo ingekuwa ya uongo.

Sasa mtazame mjukuu wako. Asukaye ukili wa rangi mbili lazima akumbuke mpangilio wa miyaa, atambue pale alipokosea, arudi nyuma na asahihishe, na abashiri mstari utakavyotoka kabla haujatoka. Kazi hiyo ya akili ndiyo iliyokusudiwa kupimwa na lile zoezi la penseli. Kilichomkosesha ni penseli.

Huko Usenge, karibu na Kisumu, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto ujuzi wao wa dawa za mitishamba zinazotumika kijijini, na matokeo yao yalitoka mwaka 2001. Waliona kwamba waliozijua zaidi dawa hizo walielekea kupata alama za chini zaidi katika mtihani wa msamiati wa skuli. Watafiti waliona kwamba watoto hao walikuwa wameelekeza juhudi zao kwenye elimu ambayo jamaa zao waliithamini na ambayo iliwafaa kila siku, kwa kuwa minyoo na malaria viliwaandama.

Hata hivyo, babu, sitaki nikupe nusu ya maneno. Kuhifadhi juzuu amma kunaonesha kumbukumbu, subira na sikio zuri, na hivyo ni vitu vikubwa, lakini peke yake hakuoneshi kila kitu ambacho mwalimu wa darasa la kwanza anahitaji kukijua. Skuli ina haki ya kutaka mtoto ajue kushika penseli. Ilichokosea ni kuuita ugeni wa penseli upungufu wa akili. Mnunulie penseli nene, daftari lisilo mistari na chaki, umwache achore ukumbini kila siku baada ya kutoka chuoni, na kabla ya hapo mpeleke akapimwe macho. Mara nyingi mtoto anayeshindwa kuigiza umbo lililo mbele yake ni mtoto asiyeliona vizuri.

Tuisheni ya kipimo cha akili

Mwandishi, salaam. Kuna kijana hapa kwetu anauza vitabu vya mazoezi ya kipimo cha akili na kutoa tuisheni kwa watoto wanaojiandaa na usaili. Anasema mtoto akikaa naye miezi 2 hafeli. Ada yake ni kubwa lakini nimo katika kuitafuta. Je, nitoe? — Baba, Fuoni

Usitoe, ndugu yangu, na nitakueleza kwa nini bila ya kukuficha kwamba kijana huyo hasemi uongo mtupu. Mtoto aliyeyaona maswali ya aina fulani mara nyingi huyajibu vizuri zaidi. Jambo hilo limethibitika tangu zamani. Uingereza ilipoweka, baada ya sheria yake ya elimu ya mwaka 1944, mtihani wa kuwachuja watoto wa miaka 11 uliokuwa na maswali ya akili ndani yake, haukupita muda mazoezi ya kulipia yakaenea, na watafiti wakakiri kwamba yanaweza kupandisha alama.

Kinachopanda ni alama, na akili inabaki pale ilipokuwa. Ni sawa na muuza samaki wa Darajani anayeegemeza kidole kwenye mizani: sindano inasogea, na samaki hakuongezeka hata nusu ratili. Mtoto atakayeingia skuli kwa alama ya namna hiyo atakaa katika darasa linalodhani kwamba anajua asichokijua, na hapo tuisheni itabidi iendelee mwaka hadi mwaka.

Wenzetu wa New York walilipitia jambo hili kwa kiwango ambacho sisi hatujakifikia. Kwa miaka mingi skuli binafsi za mji ule ziliwapima watoto wa miaka 4 kwa kipimo cha Wechsler kabla ya kuwapokea, na vitabu vya mazoezi na walimu wa kulipwa vikawa biashara kubwa. Mwaka 2013 chama cha skuli hizo kilitangaza kwamba hakitapendekeza tena kipimo hicho, kwa kuwa mazoezi ya kununuliwa yalikuwa yameyaharibu matokeo kiasi cha kutoaminika. Walioanza kuandaliwa kwa ajili ya kipimo ndio waliokiua kipimo, na katikati yao walibaki watoto ambao wazazi wao hawakuwa na fedha za kulipia.

Ukitaka kumwandaa mwanao, yako mambo ya kufanya, na mengi hayana ada. Mzoeshe kukaa na kuzungumza na watu wazima asiowajua, kwani watoto wengi wa kwetu wamelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na heshima hiyo nzuri huhesabiwa ubutu na mpimaji asiyeielewa. Mwambie kabla kwamba mwalimu atamuuliza mambo ambayo jawabu zake yeye mwenyewe anazijua, kwa maana watoto hushangaa sana mtu mzima anapouliza anachokijua, na wengine hukataa kujibu. Tegeaneni vitendawili baada ya chakula cha usiku. Cheza naye bao na umwache ahesabu kete mwenyewe. Umpeleke aione skuli kabla ya siku yenyewe, na siku hiyo aende ameshalala na ameshakula. Ikiwa ameamka na homa, omba siku nyengine. Skuli inayokataa ombi hilo imekueleza mengi kuhusu namna itakavyomlea.

Kupunguza umri

Jirani ametushauri tumwandike mtoto kuwa mdogo kwa mwaka mmoja ili alama yake itoke kubwa. Kuna ubaya? — Mzazi, Jang'ombe

Upo. Ni kweli kwamba mtoto hulinganishwa na watoto wa umri wake kwa hesabu ya miezi, na kwamba umri wa uongo utaipandisha alama. Na kwa sababu hiyohiyo alama itakayotoka haitakuwa ya mtoto wako. Pia mtakuwa mmemfundisha kusema uongo juu ya tarehe yake ya kuzaliwa, na cheti chake kitamfuata katika kila fomu ya mtihani mpaka atakapomaliza masomo. Andikeni tarehe ya kweli, na siku ya kipimo hakikisheni kwamba mpimaji naye ameiandika sawasawa.

Akili ni ya kuzaliwa? Na hizi dawa?

Dukani kuna dawa ya maji yenye picha ya mtoto aliyevaa joho, wanasema inaongeza akili. Bibi yangu anasema akili ni ya kuzaliwa, hainunuliwi. Nani mkweli? — Mama, Makunduchi

Bibi yako amesema kweli katika neno la pili. Katika la kwanza amesema sehemu ya kweli. Urithi unachangia, hakuna mtaalamu wa leo anayelikanusha hilo, lakini alama za vipimo zimekuwa zikipanda kizazi baada ya kizazi kwa kasi ambayo urithi hauwezi kuieleza. Mtafiti James Flynn alionesha mwaka 1984 kwamba alama za Wamarekani zilikuwa zikiongezeka kwa kiasi cha alama 3 kila miaka 10. Karibu na kwetu, huko Embu nchini Kenya, watoto wa vijijini waliopimwa mwaka 1998 walipata alama za juu kwa uwazi kuliko waliopimwa mwaka 1984, na watafiti waliyataja mambo kama lishe bora, wazazi waliosoma zaidi na familia zenye watoto wachache.

Kuhusu dawa, habari iliyo muhimu zaidi kwetu ilitoka hapahapa visiwani. Katika utafiti uliofanywa Pemba na kuchapishwa mwaka 2001, watoto wadogo waliopewa madini ya chuma kwa miezi 12 walionekana kuendelea zaidi katika lugha kuliko wasiopewa, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu waliendelea zaidi pia katika kutumia viungo vyao. Usikimbilie dukani kwa sababu hiyo. Utafiti mwengine mkubwa wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, ulilazimika kuisimamisha sehemu yake ya madini ya chuma kwa kuwa watoto waliopewa katika mazingira yenye malaria nyingi waliugua vibaya na kufariki zaidi kuliko wenzao. Chuma ni dawa kwa mtoto aliyepimwa damu na kuonekana anakihitaji, kwa uangalizi wa daktari. Mpeleke mtoto kituo cha afya apimwe damu na apewe dawa ya minyoo kwa wakati wake.

Na chumvi ya jikoni kwako iwe yenye madini joto. Mwaka huohuo wa 2006 ulichapishwa utafiti ulioonesha kwamba upungufu wa madini joto ulikuwa bado upo Unguja na Pemba, katika visiwa vilivyozungukwa na bahari ambako watu hudhani kwamba samaki peke yao wanatosha. Upungufu huo, khasa kwa mama mjamzito, huathiri ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa. Chupa yenye picha ya joho iache dukani.

Viti vichache, waombaji wengi

Naongoza skuli binafsi ndogo yenye maandalizi na msingi. Mwaka huu nina viti 40 na waombaji zaidi ya 100. Mwalimu wangu mmoja amechapisha kipimo cha akili kutoka kwenye intaneti, na wazazi wanaona kinaipa skuli hadhi. Mimi moyo wangu umegawanyika. Nifanye nini? — Mkuu wa skuli, Chake Chake

Mheshimiwa mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kutenda. Kile kilichochapishwa kutoka kwenye intaneti kichaneni. Vipimo halisi havitolewi kwa kila mtu. Huuzwa kwa waliosomea kuvitumia, huwa na vifaa vyake maalumu, na hufuata maneno yaliyoandikwa hata namna ya kumwambia mtoto "jaribu tena". Kinachopatikana bure ni mafumbo yasiyolinganishwa na mtoto yeyote. Na hata ungekuwa na fedha za kununua kilicho halisi, lugha na jedwali vingebaki na kasoro nilizomweleza mama wa Mbweni. Vile visivyotumia maneno, mfano wa kile cha picha za kukamilisha alichokitoa John Raven mwaka 1938, vina nafuu, lakini navyo humpendelea mtoto aliyezoea vitabu vya picha na vibao vya kupanga nyumbani kwao.

Jiulize kwanza unataka kujua nini. Ikiwa ni mtoto gani yuko tayari kukaa darasani, basi mwite darasani. Waalike waombaji kwa makundi madogo, asubuhi mbili za siku tofauti, wacheze, wasikilize hadithi kwa Kiswahili, wachore, wale pamoja, huku walimu wawili wakiandika kila mmoja peke yake wanachokiona. Mtoto aliyelia siku ya kwanza mtamwona wa kweli siku ya pili.

Ikiwa unataka kujua nani anaweza kujifunza, basi mfundishe jambo kisha utazame. Hili limefanyiwa kazi ng'ambo ya mkondo wetu, katika skuli za jirani na Bagamoyo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002 na Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao wakiwemo Watanzania. Watoto walipewa maswali ya kufikiri, wakafundishwa kwa muda mfupi usiofika saa moja namna ya kuyakabili, kisha wakapewa maswali mengine ya aina ileile. Walipanda kwa kiasi cha kuonekana, na jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba mpangilio wao ulibadilika: aliyekuwa nyuma kabla ya kufundishwa si lazima aliyebaki nyuma baada yake. Watoto wale walikuwa wakubwa kuliko wako, lakini njia yenyewe inamfaa hata mtoto wa miaka 5. Mfundishe mchezo mpya wa kupanga kete kwa rangi na ukubwa, mwoneshe anapokosea, kisha umpe mwengine wa aina hiyo. Dakika hizo chache zitakuonesha anavyolipokea fundisho, na kazi ya skuli yako ni kufundisha.

Baada ya hayo utabaki na watoto walio tayari ambao bado wanazidi viti vyako, na hapa nitasema neno ambalo wazazi wenye uwezo hawatalipenda: pigeni kura. Wapeni kwanza nafasi wenye ndugu zao skulini na wanaokaa karibu, kisha majina yaliyobaki yatiwe kwenye chombo na yatolewe mbele ya wazazi wote. Kura haimwambii mtoto yeyote kwamba hana akili. Kuwapanga watoto 100 wa miaka 5 kutoka wa kwanza hadi wa mwisho kwa akili ni jambo lisilowezekana kwa chombo chochote kilichopo duniani, na skuli inayodai kuliweza inawadanganya watu wake. Hadhi mnayoitafuta itakuja kwa namna mtakavyowasomesha hao mliowapokea.

Mliyoyaandika kuhusu kila mtoto yahifadhiwe kabatini kwa ufunguo, yasomwe na mwalimu wake tu, na yasitajwe mbele ya watoto wala katika vikundi vya simu vya wazazi. Mkimwona mtoto anayehitaji kupimwa macho au masikio, waambieni wazazi wake hata kama hamkumpokea. Na barua ya kumjibu mzazi aliyekosa nafasi iandike wewe mwenyewe, umwambie kwamba viti vimekwisha, kwa kuwa hiyo ndiyo sababu.